«Iko mu simu»: tuache kujidanganya

Uliza mkaaji wa Majengo ama wa Katoyi diplome ya Leta ya mtoto wake iko wapi, kadi ya mpiga kura, makaratasi ya kiwanja. Jibu ni lile lile: «Nilipiga picha, iko mu simu.» Ndugu msikilizaji, hiyo si akiba. Simu ndiyo kitu cha kwanza kunyang'anywa barabarani, na cha kwanza kuuzwa watoto wakiwa na njaa.

Na Goma haiwezi kusema haikuonywa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikafika Buhene. Siku tano baadaye kartiye 10 ziliambiwa zihame, watu wakaelekea Sake, Rubavu na Bukavu na kile walichoweza kubeba. Januari 2025 vita viliingia mjini, umeme na intaneti vikakatika. Mara zote hizo, nani alipata muda wa kupanga makaratasi?

Wengine wanasema: «Hayo ni mambo ya wenye kompyuta.» Hapana. Picha kumi za makaratasi hazili mega kama video moja unayotazama jioni.

Wengine: «Ofisi inataka orijinali, kopi haina maana.» Ni kweli, kopi haichukui nafasi ya orijinali. Lakini inaonyesha namba, mwaka na ofisi iliyotoa. Bila hayo, hata mtu anayetaka kukusaidia hajui aanze kutafuta wapi.

Basi tuweke kopi tatu. Moja mu simu. Ya pili kwenye kle USB, ifungwe ndani ya plastiki, ikae na nguo za kukimbia nazo. Kadi ya memori inayobaki ndani ya simu haihesabiki: simu ikienda, nayo inaenda. Ya tatu ikae mbali na Goma: itume kwa imeli yako, na kwa ndugu unayemwamini aliye Kampala, Nairobi ama Kinshasa. Neno la siri la imeli liandike kwenye karatasi, maana mara nyingi kodi ya kulifungua upya inatumwa kwenye namba ile ile uliyopoteza. Na ukienda kwa fotokopi, simama hapo mpaka wafute faili zako kwenye mashine yao.

Ninyi wakubwa wa shule na wa parokia mlio na kompyuta, fungueni mlango siku moja kwa wiki kwa ndugu zetu wahami. Kila siku mnawaomba makaratasi; wasaidieni basi kuyalinda. Mtu aliyepoteza nyumba asipoteze na jina lake.

Na wewe unayesoma haya, usingoje Nyiragongo inguruume. Fanya leo, umeme ukiwa bado upo.