MPANDA KLOVA NI MFUGAJI, ASIJIDANGANYE



Kule Marekani kuna wakulima wasiovuna wanachopanda. Mtu hutafuta uwanja mdogo kando ya msitu, pengine ekari moja au hata chini ya hapo, akapima udongo, akautia chokaa, kisha akapanda majani yaitwayo klova. Majani hayo si ya ng'ombe. Ni ya ayala mwenye mkia mweupe, jamaa ya yule ayala tunayemsoma katika Zaburi. Msimu wa kuwinda ukifika, mwenye shamba hupanda juu ya jukwaa lililofungwa mtini, bunduki au upinde mkononi, akamngoja mgeni wake aje kula.

Wenzangu wengi wakisikia haya huruka. "Ah! Huo si usaliti? Unamkaribisha mnyama, unamlisha, halafu unamuua!" Mimi sikubaliani nao. Kwani kuku wetu tunamrushia mahindi ya nini? Na mbuzi anayekatiwa majani kila jioni, si mwisho wake ni siku ya sherehe? Hatuuiti usaliti, twauita ufugaji. Basi hoja yangu ni hii: apandaye klova ili ayala aje si mwindaji tu tena. Amekuwa mfugaji, na mfugaji ana wajibu.

Hebu kwanza tuone kwa nini ayala huvutwa na klova. Mnyama huyu hucheua kama mbuzi, lakini ni mchaguzi sana. Hupenda majani laini yenye protini, na klova inayo kwa wingi. Majike wanaonyonyesha huihitaji, na madume pia, kwa maana pembe zao huanguka kila mwaka zikaota upya. Isitoshe, klova ni jamaa ya maharagwe: bakteria walio katika vifundo vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Ikitunzwa vizuri, hupandwa mara moja ikadumu miaka kadhaa. Wala si mmea mgeni kwetu, kwani nyanda za juu za Kenya zina klova yake ya asili.

Sasa wajibu wa kwanza ni idadi. Kufikia mwaka wa 1900 ayala hawa walikuwa karibu kumalizwa na wawindaji wa biashara. Leo wanakadiriwa kuwa milioni 30 hivi. Ukiona vyaelea, vimeundwa! Wamarekani waliweka leseni, misimu na mipaka ya kuua, na tangu sheria ya mwaka wa 1937, kodi ya bunduki na risasi huenda katika kuhifadhi wanyama pori. Lakini mbwa mwitu wakubwa waliokuwa wakiwala ayala walishamalizwa katika sehemu nyingi za nchi. Matokeo yake, ayala hutafuna miche ya msituni kabla haijawa miti, na kila mwaka magari zaidi ya milioni moja hugongana nao. Mbona basi mtu aongeze malisho, kisha angojee dume lenye pembe ndefu tu la kutundika ukutani, huku majike akiwaacha wazaane? Huyo ni sawa na mfugaji anayejaza boma na hataki kuuza hata ng'ombe mmoja. Sisi tunajua malisho yake huishia wapi.

Wajibu wa pili ni afya. Mwaka wa 1967 ugonjwa wa kukondesha ulionekana kwa mara ya kwanza jimboni Colorado. Mnyama hudhoofika mpaka afe, na dawa haijapatikana. Huenezwa kwa mate, mkojo na kinyesi, na viini vyake hukaa udongoni miaka mingi. Ndiyo sababu majimbo kadhaa yamepiga marufuku kumwaga mahindi ya chambo, ingawa yanaruhusu shamba lililopandwa. Naona yana haki: rundo la mahindi hukutanisha midomo mahali pamoja, ilhali shamba huwatawanya walaji. Hata hivyo, ugonjwa ukishafika mtaani, uwanja wowote unaokusanya wanyama ni hatari. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo.

Je, haya yatuhusu nini sisi? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na kila baada ya muda hutokea watu wakasema urudishwe, ati mbona Marekani wanawinda na wanyama hawaishi? Mimi nawajibu: msitazame klova na bunduki tu. Tazameni pia leseni, hesabu ya wanyama, askari wanaokagua na kodi inayolipwa. Mpaka tutakapokuwa na hayo yote na kuyasimamia bila mlungula, marufuku yetu na ibaki palepale.

Na huyo Mmarekani juu ya jukwaa lake, simwiti msaliti. Namwambia tu kwamba kazi yake haiishi anaposhuka mtini. Ayala aliowaita kwa klova bado wako shambani mwake, nao ni mzigo wake. Wewe je, msomaji mwenzangu, waonaje?