Rangi ya Zambarau Katika Nyumba ya Mwislamu



Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma, nyumba mpya zimezidi kujengwa Nkuhungu, Kisasa na Nzuguni. Na wengi katika vijana wetu wanaooa hawaridhiki tena na chokaa nyeupe. Wako wapendao sebule ya rangi ya zambarau ya kadiri, isiyo nzito wala hafifu. Hapo huzuka ugomvi. Mzee asema: "Hiyo ni rangi ya Kwaresima, haiingii nyumbani kwangu." Kijana naye aona ameonewa, na nyumba hukosa raha kabla haijakaliwa.

Yatupasa tulipime jambo hili kwa elimu, si kwa hasira. Kanuni ya mafakihi ni kuwa asili ya vitu ni ruhusa mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Ni kweli padre huvaa zambarau wakati wa Kwaresima. Lakini siku ya Pasaka huvaa nyeupe, wala hapana aliyetuambia tuache kanzu zetu nyeupe. Rangi hii twaiona katika tunda la zambarau, ambalo ndilo lililoipa jina, na katika zabibu za mashamba yetu ya Dodoma. Na Sura Faatir yatutaka tuyatazame matunda na milima ya rangi mbalimbali tupate kuujua uwezo wa Muumba.

La kuogopwa ni kiburi na israfu. Zamani rangi hii ilitolewa katika konokono wa bahari wa pwani ya Shamu, kwa gharama kubwa mno, hata watawala wa Rumi wakajitengea wenyewe. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Perkin, alivumbua mjini London rangi ya namna hiyo kwa njia ya kemia, na watu wa kawaida wakaipata. Basi leo haina ufalme. Lakini mwenye kukopa ili sebule yake ishinde ya jirani, amekivaa kiburi kile kile, na Sura Al-Israa imewaonya vikali wabadhirifu.

Tena Imamu Bukhari amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alimtaka Bibi Aisha aliondoe pazia lenye picha, kwa kuwa zilimshughulisha katika Sala. Kwa hiyo upande tunaoelekea katika Sala na uachwe mweupe, bila nakshi.

Kwa mwenye uwezo, ukuta mmoja wa sebule watosha. Zambarau humeza mwanga, na chumba chenye dirisha dogo kitakuwa giza. Ukuta unaopigwa na jua kutwa usipakwe, maana rangi hupauka. Plasta mpya ya saruji na ingojewe ikauke kama wiki 4, kwani ukali wa saruji mbichi huharibu rangi. Na kabla ya kununua, ulizeni dukani na someni kopo: rangi yenye madini ya risasi hudhuru ubongo wa watoto.

Enyi wazee, msiharamishe kilicho halali. Nanyi vijana, ikiwa nyumba ni ya mzazi na moyo wake haujakubali, ukuta mweupe wenye radhi yake ni bora kuliko wa zambarau wenye machozi yake. Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu mapenzi na amani. Amin.