Kazi ya mkalimani: neno moja linaweza kuharibu ushahidi

Tarehe 26 Januari 2009, mjini La Haye, Uholanzi, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (CPI) ilianza kesi yake ya kwanza kabisa. Mshitakiwa alikuwa Thomas Lubanga, juu ya watoto waliotiwa jeshini huko Ituri. Majaji walifuata kwa Kiingereza na Kifaransa. Mashahidi wengi walisema Kiswahili. Katikati yao kulikuwa watu ambao hakuna anayewakumbuka: wakalimani, ndani ya kabini ya vioo.

Tuchukue neno moja: kadogo. Katika Kiswahili cha vitabu, ni kitu kidogo tu. Lakini mkaaji wa Bunia, Beni ao Goma anajua: tangu vita vya 1996, kadogo ni mtoto aliyeshika bunduki. Mkalimani akisema "mdogo" peke yake, kiini cha kesi kimepotea. Ndiyo maana CPI inahesabu Kiswahili cha Kongo pembeni ya Kiswahili sanifu, na ilibidi ifundishe wakalimani. Lubanga alihukumiwa miaka 14 ya kifungo mwaka 2012.

Kazi yenyewe si kurudilia maneno tu. Mkalimani anasikiliza na kusema wakati moja. Kwa hiyo wanakaa wawili ao zaidi, wanapokezana kila nusu saa hivi, juu akili inachoka na makosa yanaingia. Shahidi akisema "mimi", naye anasema "mimi". Hana ruhusa ya kulainisha tusi wala kunyoosha uongo, na siri ya mkutano haitoki kinywani mwake. Wengi hawana mshahara wa mwezi: wanalipwa kwa siku walizofanya.

Mwaka 2022, Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kuwa luga ya kazi, na RDC ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kazi itaongezeka. Vijana wengi wa mashariki wako na Kiswahili, Kifaransa na luga ya nyumbani, lakini kusema luga tatu si kuwa mkalimani. Masomo yako Nairobi ao Buea, Kameruni. Kwa mwanafunzi wa Uvira ni mbali, na ni bei kali.

Wasipofundishwa, mikutano juu ya amani ya Kivu na Ituri itatafsiriwa na watu ambao, kwao, kadogo ni kitu kidogo tu.