MAONI YETU: Umenunua nyumba? Fungua barua zako!

Hongera kwa ndugu zetu wanaonunua nyumba hapa Marekani. Lakini tahadhari: penye chama cha wenye nyumba, mara nyingi ukishamiliki umeshakuwa mwanachama, utake usitake, na ada si hiari.

Mwaka 2008 huko Frisco, Texas, nyumba ya mwanajeshi aliyekuwa Iraq, yenye thamani ya dola 300,000 hivi, ilipigwa mnada kwa takriban dola 3,500. Deni la ada halikufika dola 1,000. Barua za madai zilikaa bila kufunguliwa. Aliirudisha mwaka 2010, baada ya kwenda mahakamani.

Basi ndugu, someni kanuni kabla ya kupaka rangi ukuta, lipeni kwa wakati, hudhurieni mikutano mpige kura. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.