Gari Lililoliwa na Tairi Zake



Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi kuna kitu kilichowekwa juu ya kabati kwa ajili ya watoto, na watoto hao hao wamekatazwa kukigusa. Huenda kikawa cherehani ya bibi, au baiskeli iliyoning'inizwa stoo. Juma hili nakusudia kuzungumzia kitu cha namna hiyo kilichokuwamo katika nyumba moja ya ukoo wetu hapa Moshi: gari la plastiki la kuunganisha, lililokaa ndani ya boksi lake tangu miaka ya 1980.

Wasiolijua gari la namna hii wafahamu kwamba haliuzwi likiwa limekamilika. Huuzwa boksi lenye vipande vidogo vidogo vya plastiki ngumu iitwayo polistirini, vikiwa vimeshikamana na vijiti vya fremu kama matunda kwenye kikonyo. Mnunuzi huvikata, huvisafisha, huviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi mwenyewe. Kipimo kilichozoeleka cha magari ya Kimarekani ni moja kwa ishirini na tano, yaani gari lenye urefu wa mita 5 huwa sentimita 20, na kila kitu ndani yake, kuanzia usukani hadi injini, hupunguzwa kwa kadiri hiyo hiyo.

Kazi hii ilianzia katika biashara. Kampuni ya AMT ya Michigan, Marekani, ilianza mwaka 1948 kutengeneza magari madogo ya kuonyeshwa na wauzaji wa magari makubwa, ili mteja aone umbo la gari kabla ya kulinunua. Mwaka 1958 ikatoa maboksi ambayo kila moja lilikuwa na vipande vya kuundia gari kwa namna tatu: kama lilivyotoka kiwandani, kama gari la mashindano, au kama gari lililobadilishwa kwa kupenda kwa mwenyewe. Wakati huo Wamarekani walikuwa wameshika sana mtindo wa magari ya maonyesho, yaliyoundwa ili yatazamwe. Fundi mmoja wa California, George Barris, alilichukua gari la maonyesho la Lincoln Futura la mwaka 1955, akalikata na kuligeuza kuwa gari la Batman lililoonekana katika televisheni mwaka 1966. Ukilichunguza jambo hilo utaona kuwa kubadilisha kilichokwisha kutengenezwa ndiyo asili yenyewe ya mchezo huu.

Sasa nirudi Moshi. Kaka yangu, Allah amrehemu, alifanya kazi melini katika ujana wake, na boksi hilo alilinunua katika bandari ya ng'ambo. Aliliweka juu ya kabati akisema litafunguliwa siku atakapopata mtoto wa kiume na mtoto huyo akakua. Akapata mabinti wawili, kisha baada ya miaka mingi akapata mvulana. Alipofariki, mvulana alikuwa na umri wa miaka kumi na moja, na boksi lilikuwa bado na karatasi yake ya nailoni. Katika kugawa mirathi, mama mtu na mabinti, ambao ni watu wazima, waliridhia boksi liingie katika fungu la kijana. Ndipo maneno yakaanza.

Baba mkubwa wa kijana alitaka boksi lisiguswe, kwa kuwa ni ukumbusho wa marehemu. Jamaa mwingine alishauri liuzwe, na hakukosea, kwa maana wako watu ng'ambo wanaokusanya vitu hivi, na boksi ambalo halijafunguliwa huwa na bei kuliko gari lililokwisha kuunganishwa. Kijana mwenyewe alitaka kuliunganisha. Mwaka mzima na zaidi ukapita katika mashauriano hayo. Mwishowe, likizo ya Desemba ilipoanza, mama yake akasema kwamba mali ni ya mtoto, naye akamruhusu.

Boksi lilipofunguliwa, sote tuliona jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Tairi zake zilikuwa za plastiki laini, na kwa miaka yote hiyo zilikuwa zimelalia paa la gari. Plastiki laini ya namna ile hutiwa mafuta maalumu ili inyumbuke, na mafuta hayo, yakigusana na polistirini kwa muda mrefu, huiyeyusha taratibu. Paa lilikuwa na michirizi minne mirefu iliyozama, kama mtu aliyelibonyeza kwa chuma cha moto. Stika nazo zilikuwa zimegeuka manjano, na ya kwanza kutiwa majini ikasambaratika. Kitu tulichodhani tunakihifadhi kilikuwa kinaharibika kikiwa mikononi mwetu, bila kuguswa na mtoto yeyote.

Kijana hakulia. Alilitazama paa siku mbili, kisha akalikata kwa msumeno mwembamba. Wakazi wa Moshi mtaelewa wazo lake lilikotoka. Kila siku barabara za kwenda Marangu na Machame hupita magari ya watalii, na mengi kati yake ni Land Cruiser zilizokatwa katika gereji zetu za Kaskazini, zikarefushwa, zikatiwa paa la kuinuka ili mgeni asimame na kutazama wanyama mbugani. Hayo ndiyo magari ya maonyesho anayoyajua mtoto wa hapa. Basi gari la Kimarekani la boneti ndefu likapata paa la kuinuliwa juu ya nguzo nne. Nguzo alizitengeneza kwa vijiti vya fremu vilivyobaki: kijiti hupashwa moto juu ya mshumaa bila kukigusisha mwali, kikilainika huvutwa pande mbili, nacho huwa chembamba na kilichonyooka. Tairi zile mbaya alizitupa, akakata nyingine katika soli ya kandambili.

Kwa tairi za kandambili hakuhitaji mwalimu. Watoto wa Kibosho, Uru na Old Moshi wameunda magari tangu zamani kwa waya, makopo, vizibo na vigogo vya mgomba, na tairi za kandambili zimeteremka milima hiyo mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Boksi la ng'ambo lilikuwa limekutana na ufundi ambao tayari upo.

Maandishi ya ubavuni, "Moshi–Machame", yaliandikwa na dada yake mkubwa mwenye mwandiko mzuri. Ndiyo njia waliyokuwa wakiipita na baba yao kila Idi kwenda kuwaamkia wazee. Alipokuwa akiandika alisema kwa sauti ndogo, "Shangazi, mimi nililitazama boksi hili utoto wangu wote. Nami nililitamani." Maneno hayo yalinichoma kuliko michirizi ya paa. Mtoto wa kiume aliyengojewa alichelewa, na watoto waliokuwapo walikuwa wakikua chini ya kabati lile lile.

Baba mkubwa alipokuja na kuliona alikasirika. "Umeharibu kitu cha baba yako," alisema. Kijana alimwamkia kwanza, kisha akajibu, "Baba mkubwa, tairi ndizo zilizoharibu. Mimi nimetengeneza." Mzee alinyamaza, akaligeuza gari mikononi, halafu akauliza paa linainukaje. Tangu swali hilo mazungumzo yao yakawa mengine kabisa.

Hapo tunakumbushwa mapokezi yaliyomo katika Sunan ya Abu Dawud. Bibi Aisha, Allah amridhie, alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, miongoni mwavyo farasi mwenye mbawa mbili za viraka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwona farasi huyo aliuliza ni nini, na mbawa zile ni za nini. Bibi Aisha akajibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman waliokuwa na mbawa, na Mtume akacheka. Kwa mzazi, funzo liko katika mpangilio wa mambo yale: swali lilitangulia, jibu likasikilizwa, na furaha ikafuata.

Kwa wazazi wanaotaka kuwapa watoto kazi ya namna hii, nina nasaha chache. Vipande vioshwe kwa maji ya sabuni kabla ya kupakwa rangi, kwani hubaki na mafuta ya kiwandani. Gundi inayofaa ni ile inayoyeyusha kidogo pande zote mbili zikashikana kuwa kitu kimoja. Gundi ya kukauka haraka huacha ukungu mweupe kwenye vioo. Ikikosekana ya dukani, vipande vya fremu vilivyoyeyushwa katika asetoni hufanya kazi, lakini hiyo ni kazi ya mtu mzima, ifanyike nje penye upepo na mbali na moto, kwa kuwa mvuke wake hudhuru na huwaka upesi. Rangi ya magari ya gereji isipulizwe moja kwa moja, maana tina yake hula plastiki. Itangulizwe praima, tena kwa tabaka nyembamba. Kisu kitumike mzazi akiwa karibu.

Na asiye na boksi la ng'ambo asione amepungukiwa. Waya, kopo na kandambili kuukuu humfundisha mtoto mambo yale yale: kupima kabla ya kukata, kungoja rangi ikauke, na kuanza upya palipokosewa. La muhimu ni mzazi kujizuia asiichukue kazi mikononi mwa mtoto kwa kuwa yeye ataifanya vizuri zaidi. Gurudumu lililokaa upande ni la mtoto, liachwe hivyo hadi mwenyewe atakapoliona.

Ninawaomba wasomaji, kabla likizo haijaisha, watazame juu ya makabati yao. Kilichowekwa kwa ajili ya watoto kiteremshwe wangali watoto, wa kike na wa kiume, na mzazi akiwa bado hai wa kuketi nao. Mikono ya mtoto huenda ikakiharibu, nasi tutajifunza kukitengeneza. Lakini muda nao unakila, na kazi yake haina kelele.

Tukutane juma lijalo, Inshaa Allah. Wabillahi tawfiq.