Sanduku la Manamba

Mwaka juzi nilikuwa Paris kwa semina ya waandishi wa habari, nikapata mchana mmoja wa bure. Nikaenda Porte Dorée, kwenye makumbusho ya historia ya uhamiaji. Jengo lenyewe kituko: lilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya makoloni ya 1931, na ukutani nje wamechongwa watu wa makoloni wakiwa na mazao yao, yote ya kwenda Ufaransa. Tangu 2007 humo humo ndimo wanamosimuliwa wahamiaji. Kuna sehemu ya vitu vilivyotolewa na familia zenyewe, vitu vya kawaida kabisa.

Nikamkumbuka babu, mtu wa Lupembe. Miaka ya hamsini alikwenda kukata mkonge Tanga. Alirudi na sanduku la bati, blanketi na kadi za kipande, zile za kutiwa alama kila siku ya kazi mpaka zitimie siku 30. Kadi hizo shangazi aliziwashia moto. Eti za nini, makaratasi ya manamba?

Niliporudi nikamsimulia rafiki yangu, mwalimu wa fasihi hapa Njombe. Akacheka: "Wenzetu walipokea wageni, bwana. Sisi tuna uhamiaji gani?"

Jamani! Njombe hii ilikuwa kisima cha vibarua wa mkonge. Kodi iliwasukuma, na kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyokusanya Wabena, Wakinga na Wapangwa kwa malori. Mtu akipewa namba, jina linabaki kijijini. Neno manamba limetoka hapo, nasi tumeligeuza tusi. Na wageni? Kidugala, si mbali na Makambako, walikaa wakimbizi wa Poland wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwalimu wangu amepita Kidugala mara ngapi?

Wa kulaumiwa kwanza ni sisi tunaoandika. Tangu Gurnah apate Nobel mwaka 2021, kila insha ya uhamaji inaanzia uwanja wa ndege, kana kwamba bila viza hujahama. Tumemsoma vibaya. Hiyo *Peponi*, aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis, inamchukua kijana kwenda bara na msafara wa biashara. Makuli wa bandarini Unguja walimpata Adam Shafi. Manamba wa Njombe wamempata nani? Mimi mwenyewe miaka kumi nimeandika habari za bei ya viazi.

Sidai jumba la kifahari. Makambako ni njia panda ya Songea, Mbeya na Iringa, na stesheni ya TAZARA ipo. Chumba kimoja pale kingetosha. Usiku wowote stendi utakuta vijana na mabegi yao wakisubiri basi la Dar, nao hawajui kuwa wanaifuata njia ya babu zao.

Sanduku la babu bado lipo. Shangazi anawekea mbegu za mahindi. Nimemwomba, akasema nimletee kwanza debe lenye mfuniko.