Twataka sauti au twataka kishindo?

Vijana wetu wa Pwani wameingiwa na mapenzi makubwa ya muziki wa garini, na sababu wanazo. Magari mengi yashukayo Kilindini hutoka Japani, na masafa ya FM ya huko huanzia megahezi 76. Redio nyingi za magari hayo hukomea 90 au 95, hali stesheni zetu zimetawanyika baina ya 88 na 108. Basi mwenye gari huenda kwa fundi, redio ikang'olewa ikatiwa nyingine. Hapo ndipo fundi anapomwambia: "Maadamu tumeshafungua, hii amplifaya iliyokuja na gari nayo tuitoe, tukutilie kubwa." Na maneno yangu ya leo yanaanzia hapo.

Mimi sipingi amplifaya kubadilishwa. Kuna haja ya kweli, na inafaa ielezwe. Usoni mwa redio huandikwa wati 50 mara nne, lakini maandishi hayo ni ya kuuzia bidhaa. Betri ya gari ni volti 12, na injini ikiwa inakwenda hupanda zikawa 14 na kitu. Kwa volti hizo, na spika ya omu 4, redio haiwezi kutoa sauti safi kupita wati 20 hivi kwa kila spika. Amplifaya ya kando ina mtambo ndani yake wa kupandisha volti kwanza, na ndiyo sababu inaizidi redio nguvu.

Redio ikilazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na hapo sauti huanza kukwaruza. Wa kwanza kuumia ni mwimbaji. Tia wimbo wa Juma Bhalo, au udi wa Zein l'Abdin, kisha uongeze sauti mpaka spika zilie. Utasikia mdundo, lakini lile neno la mwisho wa mshororo, ambalo ndilo lililobeba kina, limekwisha kumezwa. Na Mswahili hasikilizi taarabu kwa kutikisa kichwa tu, anasikiliza fumbo. Wimbo usiosikika maneno fumbo lake litafumbuliwa na nani?

Kwa hivyo amplifaya njema ina haki yake. Ubaya ni kuwa wengi hawaitaki kwa ajili ya neno, wanaitaka kwa ajili ya kishindo. Nao wanadanganyika katika hesabu, kwani sikio halihesabu kama mfuko uhesabuvyo. Ukiongeza nguvu maradufu, toka wati 20 hadi 40, sauti hupanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio halikitambui sana. Ili sauti isikike kubwa mara mbili, yahitaji nguvu mara 10 hivi. Mtu hutoa maelfu ya shilingi akitaraji ngurumo, akapata tofauti ndogo. Basi hurudi kwa fundi kutaka kubwa zaidi, na zaidi tena.

Na kazi yenyewe si ya kubahatisha. Waya wa umeme wa amplifaya yafaa uwe mnene, utoke betrini moja kwa moja, na fyuzi yake iwe karibu na betri, isipite kama sentimita 45. Waya usio na fyuzi ukichubuka ukagusa bodi, gari laweza kuwaka moto. Waya wa athi nao ufungwe penye chuma kilichokwanguliwa rangi. La sivyo, utasikia mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini. Tena yako magari ambayo amplifaya yake ya kiwandani ndiyo inayopitisha milio ya hadhari, kama ule wa kurudi nyuma. Ukiitoa bila ya kujua, umelinyamazisha gari lako mahali ambapo lingekuokoa.

Sasa tuwatazame wanaolipa gharama pasina kuulizwa. Abiria wa matatu hushuka akapumzika, lakini dereva na makanga wamo humo kutwa nzima. Wataalamu wa Marekani wameweka kiasi cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikizidi 3, muda hupungua nusu. Kwenye desibeli 100 ni robo saa tu. Na sikio lililokufa kwa kelele halina dawa ya kulirudisha. Wenye matatu hujibu kwamba abiria vijana huchagua gari lenye kishindo. Huenda ni kweli, lakini yule makanga mwenye miaka 20 naye ni kijana wa mtu, na kesho ataambiwa jambo na mamake asisikie.

Sheria iko. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinakataza kelele kubwa zisizo na sababu ziudhizo wengine. Na kabla ya serikali kuandika, sisi tuliosoma chuoni tuliujua wasia wa Luqmani kwa mwanawe juu ya sauti, na mnyama aliyetolewa mfano pale. Sidhani kama yuko apendaye kufananishwa naye katika foleni ya feri ya Likoni.

Ndugu yangu unayekusudia kubadilisha amplifaya, mwulize fundi kwanza: spika zangu ni za omu ngapi, fyuzi utaitia wapi, na milio ya hadhari itapita wapi? Akishindwa kujibu, mtafute mwengine. Na kazi ikisha, usiijaribu kwa ngoma. Tia wimbo ambao maneno yake unayajua, ufunge vioo, usikilize kama kila kina kinakufikia. Wahenga walikwisha kusema kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka, na siku hizi kinachopasuka mbele si ngoma, ni masikio yetu.